WAZEE WALIOBEBA BUNDUKI: NANI AWATUNZE, NA KWA FEDHA YA NANI?

Maongezi na viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani, Rasbura, Lindi



Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo limeulizwa swali, nami nimeombwa nilijibu mbele yenu nyote. Swali ni hili: je, ni haki Serikali itumie fedha ya umma kujenga na kuendesha makazi ya wanajeshi waliozeeka, ilhali wakulima, wavuvi na mama ntilie waliozeeka hawajengewi chochote? Aliyeuliza hakuuliza kwa chuki. Aliuliza kwa sababu amemwona jirani yake mmoja aliyepata kuvaa sare akilala njaa, na jirani mwingine ambaye hakuvaa sare kamwe akilala njaa vilevile, akashindwa kuona tofauti.

Nianze na historia, maana sisi watu wa pwani hii ya kusini tunaishi juu ya makaburi ya askari pasipo kukumbuka. Ukipanda kutoka hapa mjini kuelekea Masasi, unapita Nyangao na Mahiwa. Hapo, katikati ya Oktoba 1917, Waingereza na Wajerumani walipigana kwa siku nne, na upande wa Waingereza peke yake walianguka watu zaidi ya 2,000, waliouawa pamoja na waliojeruhiwa. Nasema Waingereza na Wajerumani, lakini waliokufa wengi walikuwa Waafrika: askari wa KAR, Wanaijeria walioletwa kwa meli, na askari wa von Lettow-Vorbeck waliozaliwa katika nchi hii hii. Nyuma yao walikwenda wapagazi, waliochukuliwa vijijini kwa nguvu, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Mnara wa Askari pale Dar es Salaam, uliowekwa mwaka 1927, unawataja wapagazi pamoja na askari. Kutajwa kwenye shaba ni heshima, ila shaba hailiwi.

Malipo yao yalikuwaje? Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua mwaka 1964, mwaka aliokufa von Lettow-Vorbeck mwenyewe, kuwalipa askari waliobaki hai mishahara yao ya vita. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu vita kwisha. Husimuliwa kwamba wazee walipojitokeza Mwanza kupokea fedha hizo, wengi wao hawakuwa na cheti chochote, basi mlipaji akampa kila mmoja ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani ashike silaha, ainamishe silaha, na wote wakatii amri bila kukosea. Watu hucheka wakiisikia hadithi hiyo. Mimi hunisikitisha. Mtu amepoteza karatasi, amepoteza meno, amepoteza wenzake, lakini amri ya bwana bado imo mwilini mwake, na hiyo ndiyo hati yake ya kudai haki.

Vita vya pili vilichukua watu wengi zaidi. Kutoka Tanganyika walikwenda zaidi ya 80,000, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska, na hatimaye Burma mwaka 1944 katika mvua na malaria. Walipoachishwa jeshi walipewa kiinua mgongo, na mwaka 2019 zilitangazwa nyaraka za zamani zilizoonyesha jambo ambalo wazee wenyewe walikuwa wakilinong'ona siku zote: kwamba malipo yalipangwa kwa rangi ya ngozi, na Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata hadi mara tatu ya alichopata Mwafrika. Mwaka uliotangulia, 2018, Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza karibu paundi milioni 12 kwa ajili ya maaskari wazee na wajane wao walio fukara katika nchi za Jumuiya ya Madola, wapate angalau milo miwili kwa siku. Fedha hizo zilipitia ule umoja wa maaskari wa zamani ulioanzishwa mwaka 1921, ambao kwetu hufanya kazi na Legion ya Tanzania. Ni msaada mwema. Lakini angalieni hesabu ya umri: aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1944 alizaliwa 1926. Msaada ukichelewa miaka 70, hupunguza gharama zake wenyewe, kwa kuwa wenye kudai wamekwisha kufa.

Sasa tuje kwa walio hai, ambao ndio tunaowajibika kwao.

Jeshi letu la Wananchi liliundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukasisitiza ulinzi wa wananchi wenyewe, na mgambo wakaenea vijijini. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Jeshi la wakati wa amani lisingetosha kwa kazi hiyo. Waliitwa mgambo kwa makumi ya maelfu, na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, na polisi, na magereza. Zaidi ya 600 wamezikwa Kaboya, kule Muleba. Tena msisahau Naliendele, jirani zetu wa Mtwara, walipolala wanajeshi wetu waliokufa wakiilinda Msumbiji katika miaka ya 1980. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka waliokufa kwa ngao na mkuki na shada la maua. Mimi ni mtu niliyezaliwa baada ya vita vile, na katika kuwapelekea wagonjwa Komunyo nimewakuta wenzao ambao hawakufa. Kijana wa miaka 20 mwaka 1978 leo amevuka 65. Hao hawana shada.

Hapa yafaa tutofautishe, kwa maana watu husema "mwanajeshi mstaafu" kana kwamba wote ni namna moja. Yule aliyeajiriwa jeshini akatumikia muda wake wote hadi kustaafu, huyo ana kiinua mgongo na pensheni. Inaweza kuwa ndogo, inaweza kuchelewa, lakini jina lake limo katika daftari. Mgambo aliyeitwa kutoka shambani, akaenda hadi Uganda, akarudishwa shambani, hakuwa mwajiriwa, hana daftari. Kuna aliyeachishwa kwa ugonjwa au jeraha kabla ya muda. Kuna mjane, ambaye hakubeba bunduki ila alibeba kila kitu kingine. Ukijenga nyumba ya wanajeshi wazee kwa kufuata daftari la pensheni, utampa kitanda yule mwenye kitu kidogo na kumwacha nje asiye na kitu.

Juu ya hili Maandiko yana neno ambalo wahubiri hatulitumii sana. Katika sura ya 30 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, Daudi anawafuatia Waamaleki, na watu wake 200 wanachoka hata kushindwa kuvuka kijito cha Besori. Wanabaki kulinda mizigo. Walioshinda wanarudi na nyara, na baadhi yao wanasema wale 200 wasipewe fungu. Daudi anakataa. Anaagiza kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo wapate sawa, na mwandishi anatuambia agizo hilo likawa sheria katika Israeli. Likawa sheria, ndugu zangu, halikuishia kuwa sadaka ya siku moja. Mpagazi wa 1917, mgambo wa 1978 na mjane wa leo wote wamo katika wale 200.

Na yule mkulima aliyeuliza, je? Yeye hakulinda hata mizigo ya vita. Basi nimjibu wazi. Mtakatifu Papa Yohane wa 23, katika waraka wake Pacem in Terris wa 1963, alihesabu kutunzwa wakati wa uzee, ujane na maradhi miongoni mwa haki za kila binadamu, kwa sababu ni binadamu. Hakutaja sare. Kwa hiyo mkulima mzee ana haki kamili ya kwanza, na askari mzee ana haki hiyo hiyo. Juu yake askari ana jambo la pili, nalo ni deni. Taifa lilimwamuru aweke uhai wake rehani. Mwili wake ukirudi na kasoro, au akili yake ikirudi na ndoto mbaya, aliyeamuru anadaiwa. Haki ya kwanza haifuti deni la pili, wala deni la pili halimwondolei mkulima haki yake. Ugomvi kati ya maskini wawili kuhusu nani alishwe kwanza huwapendeza sana wale wasiotaka kulisha yeyote.

Nchi nyingine zilifanyaje? Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliagiza mwaka 1670 ijengwe ile nyumba ya Invalides kwa ajili ya askari walemavu na wazee waliokuwa wakiombaomba Paris. Uingereza wakafuata kwa nyumba ya Chelsea mwaka 1682. Ya Chelsea ipo hadi leo, na utaratibu wake una jambo la kujifunza: mzee anayeingia kuishi mle huiachia nyumba pensheni yake ya jeshi, naye hupewa chumba, chakula, mavazi na tiba. Wanawake walipokelewa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, miaka zaidi ya 300 baadaye! Marekani wana njia nyingine: nyumba huwa mali ya jimbo, na serikali kuu hulipia sehemu ya gharama kwa kila mzee kwa kila siku anayokaa. Mzee akiwepo, fedha inakuja. Utaratibu huo naupenda, kwa kuwa unaifunga fedha na mtu, si na jengo. Sisi tumezoea kuifunga fedha na jengo. Jengo linazinduliwa, utepe unakatwa, na mwaka wa tatu hakuna unga.

Upo na mfano wa kuogopwa. Zimbabwe, mwaka 1997, waliopigania ukombozi walikuwa na madai ya kweli. Fedha ya mfuko wao ilikuwa imeliwa na wakubwa. Serikali kwa kubanwa ikaahidi kila mmoja dola 50,000 za nchi ile pamoja na pensheni ya dola 2,000 kwa mwezi, na haikuwa imeziweka katika bajeti. Tarehe 14 Novemba thamani ya fedha yao ikaporomoka kwa siku moja, na mkate wa maskini wote ukapanda bei, pamoja na mkate wa wapiganaji wenyewe. Deni la haki likilipwa kwa hofu na pasipo hesabu, huwa dhuluma mpya kwa mwingine.

Kwetu, makazi ya wazee yanayoendeshwa na Serikali yapo. Yako Nunge kule Kigamboni, Bukumbi kule Mwanza, Kolandoto, Fungafunga, Njoro, Sukamahela. Na katika mkoa wetu wa Lindi yako Nandanga. Mengi ya makazi ya namna hii yalianza kama kambi za wenye ukoma, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu kuyaogopa: kupelekwa makazini bado kunasikika kama kutupwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema familia ndiyo ya kwanza kumtunza mzee, na makazi yawe njia ya mwisho. Nakubaliana nayo. Ndivyo alivyofundisha Mtakatifu Paulo katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya tano: wenye ndugu watunzwe na ndugu zao, ili Kanisa liweze kuwatunza wajane walio wajane kweli. Lakini someni sehemu zote mbili za fundisho hilo. Wengine husoma ya kwanza wakafunga kitabu.

Maana askari ni mtu ambaye mara nyingi familia yake imekatika kwa sababu ya kazi yenyewe. Fikirini mtu wa Kimwera au wa Kimakonde, ambao kwao ukoo hufuata upande wa mama, na wapwa ndio wenye wajibu mkubwa kwa mjomba. Ameingia jeshini na miaka 19. Amekaa Tabora, Arusha, Songea, Zanzibar. Ameoa huko, watoto wamekulia kotani. Anarudi Lindi na miaka 55 au 60. Wapwa wamemjua kwa kumsikia. Mikorosho aliyoiacha imegawanywa. Ukimwambia mtu huyu kwamba familia ndiyo ya kwanza, umesema kweli, na hujamsaidia.

Nani basi alipe? Katiba yetu, ibara ya 11, inaiagiza Serikali iweke utaratibu wa kumpa mtu hifadhi wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni maneno mazuri. Bahati mbaya yamo katika ile sehemu ambayo ibara ya 7 inasema mahakama haiwezi kuitumia kuihukumu Serikali. Sera nayo si sheria; mzee hawezi kusimama mahakamani na sera mkononi. Kwa hiyo yote huishia kwenye bajeti, na bajeti hupangwa na wanaohudhuria. Chukueni mfano ulio karibu. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Wazee hawana fungu humo. Sisemi wanawake na vijana wapunguziwe. Nasema wale wa makundi hayo walijipanga, wakasemewa, wakaandikwa. Zanzibar nako walianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mvuvi au waziri, na kiasi kimepandishwa baadaye. Visiwa si tajiri kuliko Bara. Waliamua.

Maoni yangu, nanyi mna uhuru wa kuyapinga, ni kwamba tusiombe kasri jipya la wanajeshi peke yao. Jengo la namna hiyo litajengwa Dodoma au Dar es Salaam, litawapokea wenye vyeo, na mgambo wa Kilwa hataliona. Tuombe kwanza Serikali iwe na fungu lake dhahiri, lililoandikwa katika bajeti ya kila mwaka, kwa kila mzee aliyemo makazini, linalotosha chakula, dawa na mshahara wa mhudumu mwenye ujuzi. Tuombe katika makazi yaliyopo, Nandanga ikiwemo, nafasi za wale waliotumikia vita zilipiwe na fungu la ulinzi, kwa kuwa deni hilo ni la ulinzi, si la ustawi wa jamii ambao tayari mfuko wake umetoboka. Tuombe mgambo na mjane wahesabiwe kwa ushahidi wa wenzao na wa viongozi wa mtaa pale karatasi inapokosekana. Tusingoje tena mtu aje na ufagio. Na mwenye pensheni akiingia makazini, achangie sehemu yake na abaki na sehemu yake, kwani mzee asiye na hata senti ya kununua tumbaku amekuwa mfungwa.

Mtaniuliza, na Kanisa? Masista wa Mama Teresa wanawapokea waliotupwa pale Dar es Salaam wasiulize dini wala kazi, na hatuna budi kuwaunga mkono. Hata hivyo sadaka yetu isiwe pazia la kuifichia Serikali wajibu wake. Bwana wetu aliwakemea waliosema mali ya kuwatunzia wazazi imekuwa Korbani, imetolewa kwa Mungu. Yapo mataifa nayo yana Korbani zao, na barabara na viwanja vya mpira huweza kuwa miongoni mwake. Tena tukumbuke tunaishi wapi. Wengi wa wazee hawa katika Lindi na Kilwa ni Waislamu. Kamati ya Haki na Amani isiandikishe Wakatoliki tu. Waendeeni maimamu wa misikiti ya mitaa yenu kwa heshima; wao wanawajua wazee wao kwa majina, nasi tunawajua wetu, na orodha iwe moja.

Kuhusu kazi yenyewe ni hivi. Kila jumuiya iteue watu wawili, mmoja wa WAWATA na mmoja wa akina baba, wapite nyumba kwa nyumba. Waandike jina, umri, alitumikia wapi na mwaka gani, anaishi na nani, anakula mara ngapi kwa siku, ana kitambulisho cha mzee cha matibabu bila malipo au hana. Wasimwahidi mtu chochote. Wasimpige picha. Mjane aandikwe kwa jina lake mwenyewe, si "mke wa marehemu fulani". Akitaka kusimulia vita, wamsikilize hadi amalize, hata kama wamekwisha jaza fomu. Halmashauri huanza kupanga bajeti ya mwaka unaofuata mwishoni mwa mwaka huu, Bunge hukaa Aprili hadi Juni, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Orodha itakayofika Februari haitakuwa na kazi. Kwa hiyo fomu zirudi kwa katibu wa walei kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio, nasi pamoja na Baraza la Wazee la kata tutazipeleka kwa afisa ustawi wa jamii na kwa diwani, na nakala kwa mbunge. Fomu ziko mezani pale mlangoni. Zimepigwa chapa 200; zikiisha, chukueni daftari la mwanafunzi mkapige mistari.